Albamu za Ushirikiano katika Transi ya Goa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Transi ya Goa ni muziki wa namna gani?

Ni muziki wa kielektroniki wa kuchezewa dansi usiku kucha, uliopata jina lake kutokana na jimbo la Goa katika pwani ya magharibi ya India. Goa ilikuwa koloni la Wareno hadi Desemba 1961, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 fukwe zake, hasa Anjuna na baadaye Vagator, zilivuta mahippi kutoka Ulaya na Marekani waliokesha mchangani kwa gitaa na ngoma. Katika miaka ya 1980 ma-DJ waliokuwa huko, akiwemo Goa Gil kutoka Marekani na Mfaransa aliyejulikana kama Laurent, waliiacha roki na kuanza kupiga muziki wa mashine. Kanda zilikatwa na kuunganishwa upya ili sehemu za kuimba ziondoke na kubaki mdundo pamoja na zile sauti zisizo na asili inayotambulika. Ladha ya transi ya Goa ilianzia hapo. Vibao vilivyotungwa mahususi kwa ladha hiyo vilishamiri kati ya 1993 na 1997 hivi, na vingi vilitoka katika studio za London, Ufaransa, Ujerumani, Italia na Israeli. Goa kwenyewe ndiko vilikopelekwa kupimwa.

Kwa sikio la mgeni, alama zake ni hizi: dundo zito katika kila mpigo, kasi ya mipigo 135 hadi 150 kwa dakika, besi inayojaza nafasi kati ya dundo na dundo, na juu yake mistari kadhaa ya sinthesaiza (kinanda au mashine inayozalisha sauti kwa umeme) inayosokotana. Ngazi ya sauti inayopendwa ni ile ambayo noti yake ya pili imeshushwa, jirani kabisa na Hijaz ya muziki wa Kiarabu, na ndiyo inayoufanya muziki huu usikike kama unatoka mashariki hata pale ambapo hapana chombo hata kimoja cha mashariki ndani yake.

2. Albamu ya ushirikiano inatofautianaje na mkusanyiko wa vibao?

Katika mkusanyiko, kila msanii huleta kibao alichokwisha kukimaliza, kisha lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi, huvipanga. Katika albamu ya ushirikiano, wasanii huingia ndani ya kibao kimoja: mmoja anaanzisha wazo, wa pili analijibu, wa tatu analichanganya, na matokeo hayawezi kuwekwa chini ya jina la mmoja wao bila kumdhulumu mwingine. Mfano unaotajwa mara nyingi ni The Mystery of the Yeti, uliotolewa na TIP Records ya London mwaka 1996, ambapo wasanii waliozoeleka kutoa kazi kwa majina tofauti waliungana kutengeneza safari moja ndefu.

Kati ya pande hizo mbili kuna kazi za mpaka, na tumezijadili katika swali la 13.

3. Kwa nini wasanii wa muziki huu hushirikiana sana?

Sababu ya kwanza ni ya mfukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, studio kamili ilihitaji sampla (mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvipiga upya), sinthesaiza kadhaa, meza ya kuchanganyia sauti na kompyuta, mara nyingi Atari ST, ambayo ilipendwa kwa kuwa ilitoka kiwandani ikiwa na milango ya MIDI, njia ya kuziunganisha ala za kielektroniki na kompyuta. Vijana wachache walikuwa na vyote hivyo. Mwenye sampla alimtafuta mwenye sinthesaiza, na mwenye mawazo alimtafuta mwenye kujua kuziendesha.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa vipaji. Raja Ram alikuwa mpiga filimbi wa Quintessence, bendi iliyoundwa London mwaka 1969, muda mrefu kabla ya kuwa mmoja wa waanzilishi wa TIP Records mwaka 1994. Simon Posford, anayejulikana pia kama Hallucinogen, alikomaa akiwa fundi wa sauti katika studio ya Youth, mpiga besi wa bendi ya Killing Joke na mwanzilishi wa Dragonfly Records. Mmoja alikuwa na masikio ya enzi ya mahippi, mwingine na mikono ya fundi wa zama za kompyuta. Walipokutana katika Shpongle, mradi wao wa pamoja, hakuna kati yao ambaye angeweza kuifikisha kazi ile pale ilipofika akiwa peke yake.

4. Mbona watu wale wale hujitokeza kwa majina mengi?

Kila mseto wa watu hupewa jina lake. Etnica ya Italia ni kundi moja. Kazi ya watu hao hao ilipochukua mkondo mzito zaidi, wa melodi zilizosongamana, ilitolewa kwa jina la Pleiadians, na albamu yao I.F.O. ilitoka mwaka 1997 kupitia Dragonfly. Raja Ram yumo katika The Infinity Project, Shpongle na 1200 Micrograms, na hakuna anayezichanganya kazi hizo tatu akishazisikia. Kwa hiyo unapofuatilia albamu ya ushirikiano, jina lililo kwenye jalada lisikutoshe, bali usome majina ya watu ndani ya kijitabu.

## Namna ya kusikiliza

5. Hakuna maneno wala kiitikio. Nisikilize nini hasa?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi kuliko yote, na jibu lake ni kwamba usikilize mabadiliko. Chukua kibao cha dakika 8 chenye kasi ya mipigo 145 kwa dakika. Ndani yake mna mipigo 1,160, yaani mafungu 290 ya mipigo minne minne. Mabadiliko hayaji ovyo. Huja aghalabu baada ya mafungu 8, 16 au 32. Mafungu 16 ni kama sekunde 26. Hesabu mara moja tu, kisha uache kuhesabu, kwa sababu mwili hushika mpangilio huo wenyewe na kuanza kuutarajia. Ufundi wa mtayarishaji uko katika kulitimiza tarajio hilo, kulichelewesha au kulipotosha.

Jaribu zoezi hili. Mara ya kwanza, fuata besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujali chochote kinachopita juu yake. Utagundua kwamba haikubaki vile vile: mahali fulani ilihamia noti moja juu, mahali fulani ilinyamaza kwa mafungu mawili kabla dundo halijarudi. Mara ya pili, chagua mstari mmoja wa juu na uukamate usikuponyoke hata pale unapozamishwa na mingine. Mara ya tatu, sikiliza mwangwi, kwa maana katika muziki huu mwangwi ni chombo kamili. Noti ikirudiwa baada ya muda wa robo tatu ya mpigo, ambao kwa kasi ya 145 ni sehemu kama 310 za elfu za sekunde, haikai tena pale ilipopigwa bali inaangukia katikati ya mdundo na kujenga melodi ya pili ambayo hakuna aliyeiandika.

Halafu kuna sauti ile inayochuruzika na kulia kama inayobanwa koo. Hiyo mara nyingi ni ya Roland TB-303, mashine ndogo iliyotoka mwaka 1981 ikikusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Haikuuzika na ikaachwa mwaka 1984. Ina vifundo sita tu vya kurekebishia sauti, na uhai wake wote uko katika kuvizungusha wakati noti zinaendelea kujirudia. Katika kazi ya ushirikiano mmoja anaweza kupanga noti na mwingine akashika vifundo wakati wa kurekodi, na hapo unachosikia ni watu wawili katika mstari mmoja wa muziki.

6. Vibao vyote vinanisikikia sawa. Je, tatizo ni langu?

Si tatizo, ni hatua. Dundo na kasi havibadiliki sana, na sikio geni hushikilia kile kisichobadilika. Fanya zoezi la swali la 5 kwa kibao kimoja tu kwa siku kadhaa kabla ya kuhamia kingine. Anayesikiliza albamu kumi kwa wiki hutoka mikono mitupu. Hata hivyo tusidanganyane: baada ya 1996 zilitolewa kazi nyingi za kuigana, na zipo zinazofanana kwa sababu kweli zinafanana.

7. Nitumie spika au hedifoni?

Vyote viwili, kwa nyakati tofauti. Hedifoni hufichua sauti zinazohama kutoka sikio moja hadi jingine pamoja na minong'ono iliyozikwa chini ya matabaka. Spika zenye uwezo wa kutoa besi ya chini huonyesha uhusiano wa dundo na besi, ambao ni suala la kifua kama lilivyo la sikio. Spika ya simu haifai kabisa, kwani huiondoa besi yote, na kibao kinabaki kelele za juu zisizo na pa kusimama. Chunga kiwango cha sauti. Matabaka yakiwa mengi, masikio huchoka mapema.

8. Ni lazima nisikilize albamu nzima kwa mpangilio wake?

Kwa mkusanyiko si lazima. Kwa albamu ya ushirikiano nashauri sana, angalau mara ya kwanza, kwa sababu mpangilio ni sehemu ya makubaliano ya watengenezaji. Diski ya CD ya wakati ule ilibeba dakika 74, na vibao vinane au tisa vya dakika nane vilijaza nafasi hiyo karibu yote. Watengenezaji wengi walizipanga dakika hizo kama usiku mmoja uliofupishwa, wakianza na utangulizi wa ukungu, wakapanda hadi kilele katika theluthi ya pili, kisha wakamalizia kwa kibao cha polepole chenye hali ya alfajiri. Ukiviruka vibao vya mwanzo, kilele kinakuwa kelele.

9. Kwa nini vibao vingi huanza na dakika nzima isiyo na mdundo?

Sababu yake ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kisanaa. Joto na vumbi la Goa viliharibu santuri, kwa hiyo ma-DJ walitumia kaseti na baadaye kanda za dijitali za DAT, ambazo Sony ilizileta sokoni mwaka 1987. Mashine za DAT walizozitumia hazikuwa na njia ya kuharakisha au kupunguza kasi, na hivyo haikuwezekana kulinganisha mdundo wa kibao kinachoisha na wa kile kinachoanza. Suluhisho likawa kuunganisha vibao kupitia sehemu zisizo na mdundo kabisa: mawimbi, upepo wa sinthesaiza, sauti ya mtu kutoka filamu ya anga za juu. Watungaji wakaanza kuziandika sehemu hizo kwa makusudi, zikawa desturi, na leo zimebaki ingawa kikwazo kilichozizaa hakipo tena.

10. Je, muziki huu hauna maana bila dawa za kulevya?

Una maana kamili. Ni kweli kwamba historia yake imeambatana na matumizi ya dawa za kubadili akili, na majina ya baadhi ya miradi hayafichi jambo hilo. Lakini kila kitu kilichoelezwa katika swali la 5 husikika kwa akili timamu, na naamini husikika vizuri zaidi, kwa kuwa kufuatilia matabaka sita kwa pamoja kunahitaji umakini.

## Ushirikiano kwa undani

11. Nitajuaje nani kafanya nini?

Anza na kijitabu cha albamu. Tofautisha aliyeandika, aliyetayarisha, aliyechanganya sauti na aliyealikwa kupiga chombo. Juno Reactor ni mfano mzuri wa kujifunzia: wengi hulichukulia kama jina la Ben Watkins pekee, ilhali albamu ya Beyond the Infinite ya mwaka 1995 ilipitia mikono ya Stefan Holweck, Jens Waldebäck, Mike Maguire na Johann Bley pia. Holweck huyo huyo ni wa kundi la Total Eclipse la Ufaransa, na ukizisikiliza kazi za pande zote mbili utaanza kuona kilichosafiri naye.

Kubahatisha kwa sikio ni raha, ila kunapotosha. Mhandisi mmoja mwenye mkono mzito anaweza kuwafanya watu wanne wasikike kama yeye, kwa sababu ndiye anayechagua ukali wa dundo, urefu wa mwangwi na nafasi ya kila sauti. Tunachokiita mtindo wa msanii fulani mara nyingine ni mtindo wa studio aliyorekodia.

12. Ubunifu wa ushirikiano hupimwaje?

Kipimo changu ni kimoja: je, kuna kitu katika albamu ambacho hakimo katika kazi ya mshiriki yeyote akiwa peke yake? Majina makubwa hayatoshi. Are You Shpongled? ya mwaka 1998 inapita kipimo hicho bila wasiwasi. Wazo lake lilichipuka baada ya Posford na Raja Ram kutazama kupatwa kwa jua nchini India, na lengo likawa kuitafsiri hali ile kwa sauti. Filimbi inaingia kama sauti hai, kisha inakatwa, inageuzwa nyuma mbele, inanyoshwa, hadi msikilizaji ashindwe kusema pumzi inaishia wapi na mashine inaanzia wapi. Filimbi iliyopakwa juu ya mdundo kama rangi ingekuwa jambo la kawaida. Hapa filimbi ndiyo malighafi ya sinthesaiza.

Njia nyingine ni ile ya Juno Reactor walipofanya kazi na Amampondo, kundi la wapiga ngoma kutoka Afrika Kusini, katika kibao cha Conga Fury kilichomo katika Bible of Dreams ya mwaka 1997. Mashine hupiga kila noti pale pale panapotakiwa, na mkono wa mpiga ngoma hutangulia au huchelewa kidogo tu. Watayarishaji wengi wangeusawazisha mkono huo uendane na mashine. Sikiliza jinsi ngoma zinavyoivuta besi badala ya kuifuata, na utaona kwa nini kibao hicho kina uzito ambao kompyuta haiutoi kwa urahisi.

13. Je, remiksi, au albamu ya mtu mmoja yenye wageni, ni ushirikiano?

Remiksi kwa kawaida si ushirikiano, kwa kuwa wa pili anaanza pale wa kwanza alipomaliza na hawajadiliani. Mgeni aliyealikwa kupiga gitaa katika kibao kimoja kati ya tisa naye haibadilishi albamu kuwa ya pamoja. Ninapoona mgeni huyo amepewa haki ya mtunzi, ninaihesabu kuwa ya pamoja katika kibao hicho tu.

14. Ushirikiano hushindwa wapi?

Hushindwa pale kila mmoja anapoleta mstari wake bora na hakuna anayekubali wake upunguzwe. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hertzi 2,000 na 5,000 hivi, na mistari yote mikali hupenda kukaa humo. Ikiingia minne kwa pamoja haisikiki minne, inasikika ukungu. Albamu nzuri ya ushirikiano hujulikana kwa kunyamaza: mstari unatoka mapema kuliko unavyotaka, kwa sababu nafasi yake inahitajika.

Kushindwa kwa pili ni kwa adabu nyingi, ambapo hakuna anayemkatalia mwenzake na kibao kinabaki vipande vilivyofungwa kwa dundo. Aina hii imeongezeka tangu wasanii waanze kutumiana faili kutoka nchi mbalimbali bila kukaa chumba kimoja. Kufanya kazi kwa mbali hakukatazi ubora, ila kunahitaji mmoja wao akabidhiwe neno la mwisho.

## Mambo ya pembeni

15. Albamu ikiwa na vibao vya polepole, bado ni transi ya Goa?

Kwa maana finyu, hapana. Are You Shpongled? iliyotajwa katika swali la 12 kwa sehemu kubwa si ya kuchezea dansi. Lakini imetoka kwa watu wale wale, kwa zana zile zile na kwa hadhira ile ile, na katika sherehe muziki wa namna hiyo ulikuwa na mahali pake pa kupumzikia. Anayeikataa kwa sababu ya kasi anapoteza nusu ya historia.

16. Ninunue toleo la awali au lililosafishwa upya?

Inategemea usafishaji ulivyofanywa. Baadhi ya matoleo mapya yamerudi kwenye kanda za DAT na kuondoa kasoro za kweli. Mengine yamepandishwa sauti tu, na tofauti kati ya sehemu tulivu na sehemu ya kilele imebanwa hadi ikatoweka. Kwa muziki unaoishi kwa kupanda na kushuka, hasara hiyo ni kubwa. Unapolinganisha matoleo mawili, rekebisha kwanza yawe na kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu linalopiga kwa nguvu zaidi hudanganya sikio kwa sekunde chache za mwanzo.

17. Je, sherehe za wazi bado hufanyika Goa kama zamani?

Si kama zamani. Kanuni za India za mwaka 2000 kuhusu uchafuzi wa kelele zinazuia vipaza sauti vya nje kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa zile zile ambazo muziki huu ulitungiwa.

18. Kuna kazi mpya za namna hii, au yote yalikwisha miaka ya 1990?

Baada ya 1998 wasanii wengi walihamia transi ya kisaikedeli iliyo kavu zaidi, yenye melodi chache. Uamsho ulikuja katikati ya miaka ya 2000, na lebo ya Suntrip ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 2004 na albamu ya Sky Input ya msanii Filteria, ilikuwa mstari wa mbele. Wengi wa kizazi hicho hufanya kazi peke yao, kwa kuwa kompyuta moja sasa inabeba studio nzima na ile sababu ya mfukoni ya swali la 3 imekwisha. Anayeshirikiana leo anafanya hivyo kwa hiari, na kwa maoni yangu ndiyo maana albamu za pamoja zimepungua kwa idadi huku zile zinazotoka zikiwa na msimamo ulio wazi zaidi.

19. Sijui nianzie wapi. Nipangie.

Anza na Beyond the Infinite, kwa sababu mdundo wake ni wazi na matabaka si mengi mno. Endelea na I.F.O. ukishazoea, maana humo melodi zimesongamana na zoezi la swali la 5 linakuwa mtihani wa kweli. Kisha Are You Shpongled?, usiku, kwa hedifoni, bila kuikatiza. The Mystery of the Yeti iwekee nafasi ya mwisho, ukiwa tayari umezijua sauti za watu wa TIP moja moja, kwani raha yake kubwa ni kuzitambua zinapogusana.